Namba ya Mama Iliyobaki Awendo

Mimi na mama mkwe wangu huongea Kiswahili kwa sababu kila mmoja wetu alikataa kushindwa. Nilipoolewa Lambwe nikitoka kwa Wakuria, kule karibu na mpaka wa Tanzania, nilikuja na lugha yangu, naye akanipokea na Dholuo yake, na kila mmoja akasubiri mwenzake ajifunze. Tulisubiri hadi Kiswahili kikaingia katikati, na hapo ndipo tulipo mpaka leo. Dholuo sasa naisikia vizuri, hata nikisengenywa sokoni naelewa kila neno, lakini sisi wawili tulishazoea. Yeye huniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, hata mbele ya mchungaji. Mimi namwita mama.

Mume wangu ni fundi wa kujenga. Kazi zake ziko Kisumu, na huja nyumbani mwisho wa mwezi kazi ikiruhusu. Mimi nina cherehani yangu kwenye kibanda sokoni. Baba mkwe sikumkuta. Alifariki kabla sijaolewa. Kwa hiyo nyumbani ni mama, mimi, watoto wangu na kuku wengi kuliko tunavyohitaji. Shamba ni la mama. Nikipanda mahindi na mstari ukapinda, huja akaung'oa na kuupanda upya bila kuniambia neno, nami hujifanya sikuona.

Habari za mbolea ya ruzuku alizipata kanisani. Alirudi akisema serikali inaandikisha wakulima, na atakayeandikishwa atauziwa mbolea kwa bei nafuu. Kabla ya hapo tulikuwa tukinunua mbolea sokoni kwa kupimiwa na gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, na mwenye duka alikuwa na mkono mwepesi sana wakati wa kujaza. Mama hakulala vizuri. Asubuhi alivaa viatu vya kanisani akaenda kwa chifu.

Kijana wa kuandikisha alikuwa na simu kubwa ya kubonyeza kwa kidole. Akamuuliza mama shamba ni la nani.

"Unaona mtu mwingine hapa?" mama akamjibu.

"Nauliza kama ni la mzee, mama."

"Mzee yuko ndani ya shamba. Amelala pale karibu na ndizi. Andika mimi."

Kijana akaandika.

Ujumbe wa kumwita akachukue mbolea ulikuja mvua za kwanza zilipoanza kunukia. Aliniletea simu kibandani ameishika kwa mikono miwili, kana kwamba imejaa maji na anaogopa kumwaga. Nilimsomea. Ghala la karibu lilikuwa limeishiwa mbolea ya kupandia wiki hiyo, kwa hiyo aliambiwa akachukue Awendo, kaunti jirani ya Migori.

"Awendo ya miwa?" akauliza.

"Hiyo hiyo."

"Sisi tutafuata mahindi kwa watu wa miwa?"

Lakini asubuhi yake alikuwa wa kwanza kuwa tayari, leso imefungwa kiunoni, kitambulisho kimeviringishwa ndani ya kitambaa na kitambaa kimeingizwa mahali ambapo hakuna mwizi angethubutu kutafuta. Tulipanda gari hadi Rodi, tukashuka, tukapanda jingine hadi Rongo, tukashuka tena. Tulipokaribia Awendo harufu ya kiwanda ilitupokea, ile harufu ya sukari iliyoungua kidogo, na mbele yetu lori la miwa lilikuwa likipanda kilima polepole huku watoto wa shule wakilifuata na kuvuta miwa kwa nyuma.

Foleni ya ghala ilikuwa imezunguka ukuta na kutoka nje ya lango. Mama alisimama nyuma ya mzee mmoja mrefu aliyevaa koti la suti na gambuti. Gambuti zilikuwa safi kabisa, hilo ndilo jambo la kwanza mama aliloniambia kwa sauti ya chini. Nikamwacha pale nikaenda barabarani kutafuta pikapu ya kuchangia na watu wa upande wetu, kwa maana mbolea ni rahisi kununua kuliko kuifikisha nyumbani. Yaliyotokea nilipokuwa nje nimeyapata kwake, kidogo kidogo, na kila mara anaongeza kitu.

Mzee alifika dirishani, karani akachukua kitambulisho chake na kumwambia asome namba ya siri aliyotumiwa. Mzee akatoa simu. Simu ilikuwa imezima. Aliibonyeza, akaipiga piga kwenye paja, akaipuliza.

"Nitakutumia namba nyingine," karani akasema, "lakini lazima laini iwe hewani. Kaa kando uchaji. Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa mama. Alitazama mahali pa kuchajia, akaona simu zimerundikana kwenye waya mmoja kama popo, akamtazama mzee ambaye alikuwa amesimama hapo tangu alfajiri.

"Lete hiyo laini hapa," akamwambia.

Akafungua mgongo wa simu yake ndogo, akatoa betri, akachomoa laini yake kwa ukucha, akaingiza ya mzee. Ile laini yake ndogo akampa mzee aiweke ndani ya simu yake iliyozima. "Isipotee," akamwambia. Namba ya siri ikaja papo hapo. Mzee akaisoma, akapata mbolea. Ujumbe wa mama ulikuwa tayari ndani ya simu, namba nilikuwa nimemwonyesha jinsi ya kuitafuta, naye akaisoma akapata. Nilipokuja kumwita niliwakuta wameketi juu ya mifuko yao wanacheka, mzee ameshika kofia magotini. Pikapu ilikuwa inanguruma. Dereva alitupigia kelele. Wabeba mizigo wakainua mifuko ya mama, mama akainuka, mzee akainuka, wakashikana mikono kwa heshima, na kila mtu akaenda zake na simu yake mkononi.

Laini hakuna aliyeikumbuka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nikiwatayarisha watoto kwenda shule niliposikia simu ya mama ikilia, kisha mama akisema kwa Dholuo, "Sasa anzeni chini. Juu mtaenda baadaye." Alikata simu akanitazama.

"Nani huyo, mama?"

"Sijui. Wameuliza waanze juu au waanze chini."

"Kuanza nini?"

"Sikuuliza. Lakini chini ni vizuri, si ndiyo?"

Simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamume aliyetaka kujua trekta itakuja lini. Mama akamwambia hapa hakuna trekta, hapa ni Lambwe. Ndipo nikachukua simu yangu nikapiga namba ya mama, ile niliyoihifadhi kwa jina Mama. Mama alikuwa amesimama mbele yangu na simu yake mkononi haikulia. Kwangu ikaita, ikaita, ikapokewa.

"Haloo, nani mwenzangu?" Sauti nzito, tulivu.

"Mimi ni mke wa mtoto wa mwenye hiyo laini."

Halafu mzee akaanza kucheka, kicheko cha polepole kinachopanda kama lile lori la miwa. "Yawa! Ndiyo maana tangu jana jioni naulizwa habari ya kitambaa!"

Mama alininyang'anya simu. "Kitambaa gani?"

"Akina mama fulani. Wananiuliza kijani au zambarau. Nikawaambia sijui. Wakasema kama napokea simu ya mwenyekiti, niseme kwa niaba yake."

"Ukasema nini?"

"Nikasema kijani."

Mama alikaa chini. Kwa mwezi mzima alikuwa akiwashawishi akina mama wa kanisa washone sare ya zambarau, na waliompinga walitaka kijani, na ilikuwa imebaki yeye atoe neno la mwisho.

"Na wewe kijani umekitoa wapi, mzee?"

"Ndiyo rangi ninayoiona kutoka hapa mlangoni, mama. Miwa mitupu."

"Haya. Basi watu wako wa kukata miwa nimewaambia waanze chini."

"Chini?" Sauti ilipanda. "Chini kuna maji! Lori litazama!"

"Waliuliza, nikajibu," akasema mama, na hapo nikaona mdomo wake unaanza kutetemeka, akageukia ukuta ili nisimwone akicheka.

Kitambaa cha kijani kilikuwa kimeshanunuliwa. Nililetewa mimi nikakishona, sare baada ya sare, mama akipita kibandani na kukitazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi wa jirani ndani ya mboga zake.

Sasa jambo la busara lilikuwa kubadilishana laini upesi. Lakini mvua ilikuwa imeanza kweli, na mvua ikianza Lambwe hakuna mtu anayekwenda popote isipokuwa shambani. Nilimwambia mama anaweza kwenda mjini akarudishiwa namba yake kwenye laini mpya, ni kuonyesha kitambulisho tu. Akasema ni gharama. Nikamwambia tunaweza kumtuma mtu wa gari. Akasema hawezi kumpa laini yake mtu wa gari. Nikamwambia basi mzee aje. Akasema mzee naye anapanda. "Tumalize kupanda kwanza, nyar Kuria. Laini haiozi."

Kwa hiyo ikawa desturi. Kila jioni, nikiwa jikoni, simu ya mama ingelia na mzee angetoa taarifa ya waliompigia mama: dada yake wa Kendu, mtu wa kununua jogoo, mweka hazina wa kikundi. Mama naye angetoa taarifa ya waliompigia mzee: mwanawe wa Nairobi, mtu wa lori, mtu wa lori tena, akiwa na hasira. Mwanzoni taarifa zilikuwa fupi. Baadaye nilianza kugundua kwamba ugali unaiva, mboga zinaiva, watoto wanakula, na taarifa bado.

Tulimjua mzee kwa njia hiyo, kama mtu anavyomjua mtangazaji wa redio. Mke wake alifariki miaka iliyopita. Watoto wake wote wako Nairobi. Alilima miwa maisha yake yote, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameng'oa kipande cha miwa ili apande mahindi, kwa kuwa miwa inataka uvumilivu na yeye alisema uvumilivu wake unakaribia kwisha. Mbolea ile ya ruzuku ndiyo iliyompa moyo. Ila mahindi hakuyajua.

Siku moja jioni alisema mahindi yake yameota kwa kuruka ruka, mstari mwingine umeota, mwingine hakuna kitu.

"Uliweka mbolea vipi?" mama akauliza.

"Kwenye shimo."

"Na mbegu?"

"Juu yake."

"Moja kwa moja?"

"Si ndiyo ile mbegu ikae karibu na chakula?"

Mama alisimama. "Mzee! Mbolea inachoma! Lazima uifunike na udongo kwanza, halafu ndiyo mbegu! Umeichoma mbegu!" Jirani wetu alitoka nje kuona nani anagombana na nani.

Kesho yake mzee alirudia mistari iliyokufa. Kila baada ya muda alimpigia mama kumuuliza udongo uwe kiasi gani. Mama naye alisimama katikati ya shamba letu, simu begani imebanwa na shavu, akimwonyesha kwa mkono mtu ambaye hawezi kuona mkono wake. Kisha ilikuwa zamu yake kumpa mzee habari. Nyani walikuwa wametoka mbugani Ruma na kuingia shambani kwetu, wakaketi kwenye mpaka kama watu wanaosubiri mkutano uanze. Alimsimulia jinsi alivyowafukuza na sufuria. Mzee alicheka hadi akakohoa. Awendo hawana nyani, alisema, wana watoto wa shule tu, nao wanakula miwa vilevile.

Mume wangu hakuwa ameambiwa lolote. Si kwamba tulimficha. Yeye hupiga simu yangu, anauliza watoto, anauliza mama, anakata. Lakini Jumapili moja mchana alikaa huko Kisumu akaingiwa na huruma, akaona ampigie mama yake moja kwa moja. Simu ikapokewa na mwanamume anayetafuna.

"Haloo?" mume wangu akasema. "Nampata mama?"

"Mama yako hayupo hapa," mzee akamjibu kwa upole. "Saa hizi wako kwenye kikao cha sare. Lakini jioni tutaongea, nitamwambia umepiga. Wewe ni yule wa Kisumu?"

Mume wangu alifika kesho yake kabla ya chakula cha mchana. Hakuwa na begi. Hakunisalimu. Alimkuta mama sebuleni akipepeta maharagwe, akasimama mlangoni akiwa bado na vumbi la saruji kwenye viatu.

"Mama, yule mwanamume ni nani?"

"Karibu, mwanangu. Keti."

"Mwanamume anayepokea simu yako ni nani?"

"Ni mtu wa mbolea."

"Mtu wa mbolea anajua uko kwenye kikao?"

"Aliniuliza asubuhi, nikamwambia."

Nilikuwa nimekuja na chai. Nikasimama na trei katikati ya mlango wa jikoni, nisijue kama ni vizuri kuingia au kurudi, kwa kuwa kwetu mke wa mtoto hasikilizi mambo kama hayo, na hapo hapo nilitaka sana kuyasikiliza. Mume wangu alinigeukia.

"Na wewe ulijua?"

"Laini zilibadilishana," nikasema. "Kwenye foleni."

"Laini zikibadilishana, mtu anarudisha! Watu watasema nini? Mama ya mtu mzima anaongea na mwanamume kila jioni! Kesho atakuja hapa na begi lake, akae kwenye kiti cha baba."

Mama aliweka ungo chini. Hakupandisha sauti, na mimi nilipoona hapandishi sauti nilijua ameumia.

"Baba yako alipokufa, walikuja wale wa ukoo kutaka kunirithi, nikawakataa. Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo ulipo. Nilikaa peke yangu nikakusomesha. Hilo sijalalamika. Sasa nakuuliza. Jioni mimi huwa naongea na nani? Wewe unapiga simu ya mke wako unauliza mama yuko, anasema yuko, unakata. Huyu anashona mchana kutwa, akirudi ana watoto. Mimi huongea na kuku. Kuku wanafika saa wanalala. Halafu?"

Chai ilikuwa inapoa kwenye trei. Mimi mwenyewe nilitazama sakafu. Nilikuwa nimeishi na yule mama chini ya paa moja miaka yote hiyo, tukigombania chumvi na mistari ya mahindi, na sikuwahi kujiuliza swali hilo.

"Ujumbe wa mbolea ya kukuzia ukija," mume wangu akasema mwishowe, "nitaenda Awendo mimi mwenyewe. Nimwone."

"Uende," akasema mama. "Utabeba mifuko."

Ujumbe ulikuja kwa namba ya mama, kwa hiyo mzee ndiye aliyeusoma kwanza. Alipiga simu amefurahi kama mtu aliyeitwa harusini. "Umeitwa, mama, Awendo tena. Na mimi, angalia hapo kwako, nadhani nimeitwa." Tukaangalia. Ameitwa.

Tulienda watatu. Mama alivaa sare ya kijani. Nilimtazama, akasema ndiyo nguo iliyokuwa safi. Mume wangu alikuwa amenyoa, amevaa shati la mikono mirefu, na njia nzima hakusema kitu isipokuwa kumwambia dereva apunguze mwendo.

Mzee alikuwa amefika kabla yetu na ametushikia nafasi kwenye foleni. Alivua kofia. Alimsalimu mama, akanisalimu mimi, kisha akampa mume wangu mkono, na mume wangu akaushika kwa sababu huwezi kukataa mkono wa mzee mbele ya watu. Baada ya hapo mtandao ukapotea. Karani alitoka dirishani akasema mashine haifunguki, tusubiri. Watu wakanuna, wakaketi popote penye kivuli. Mimi na mama tukanunua mandazi, na tuliporudi tulikuta mume wangu na mzee wameketi juu ya mbao za kupangia mifuko, wamepeana migongo nusu, kila mmoja akitazama upande wake kama watu wasiojuana.

Mama aliniambia tukae mbali kidogo. Tulikaa mbali kidogo, lakini si sana.

Mzee ndiye aliyeanza. "Mwanangu, unaogopa nini?"

"Mimi siogopi kitu."

"Sawa."

Lori la miwa likapita nje ya lango.

"Watu watasema," akasema mume wangu.

"Watasema. Kwetu hapa wameshaanza." Mzee akaweka kofia gotini. "Sikiliza, mimi sitaki shamba la mama yako. Nina shamba ambalo linanishinda. Sitaki kukaa kwenye kiti cha mtu. Nina nyumba, naye ana nyumba. Lakini mvua ikinyesha usiku, asubuhi naamka nataka kumwambia mtu kwamba imenyesha, na watoto wangu Nairobi ukiwaambia mvua imenyesha wanauliza kama barabara imefungwa. Mama yako anauliza imeingia kiasi gani ardhini."

Mume wangu alikuwa akichezea jiwe kwa ncha ya kiatu. "Anapenda sana kugomba," akasema.

"Amenigombeza mimi kuhusu mbolea hadi sikio likapata moto."

"Si kwa mbolea tu. Hata kijiko ukiweka vibaya."

"Kijiko sijafika," akasema mzee, na mume wangu akacheka bila kukusudia, akajaribu kukirudisha kicheko, kikawa kimeshatoka.

Mtandao ulirudi jua likiwa limeanza kuegemea. Safari hii simu ya mzee ilikuwa na chaji. Walipopata mbolea, mzee aliinama kuinua mfuko wake, na mume wangu akamwambia, "Acha, baba," akauweka begani mwake mwenyewe, akaupeleka hadi kwenye mkokoteni uliokuwa ukimsubiri mzee nje. Akarudi akachukua mwingine. Mama alijifanya anatafuta kitu kwenye leso.

Kisha wakabadilishana laini. Mama akafungua simu yake, mzee akafungua yake, mimi nikashika betri zote mbili. Kila namba ikarudi kwa mwenyewe.

"Haya," mzee akasema. "Sasa sina taarifa ya kukupa."

"Namba yangu hujaandika?"

"Ninayo kichwani."

"Basi," mama akasema, akapanda pikapu, akaketi mbele na dereva.

Watu walisema, kama mume wangu alivyotabiri. Sokoni wateja walikuja na nguo isiyohitaji kushonwa ili waniulize kama ni kweli mama mkwe wangu anaolewa na mtu wa miwa. Akina mama wa kanisa walimtania hadi siku moja katikati ya kikao akafunga kitabu cha nyimbo na kuwauliza nani kati yao hana mtu wa kuongea naye jioni, anyooshe mkono. Mikono ilinyooshwa. Wengine walikuwa na waume nyumbani. Baada ya hapo utani ulipungua, na mchungaji naye, ambaye nadhani alikuwa ametumwa kuja kuuliza, alikunywa uji wetu akaongea kuhusu nyani akaenda zake.

Mimi nilimuuliza mara moja tu, tukiwa tunapukuchua mahindi. Msimu ulikuwa mzuri, mahindi yetu yalikuwa mazito, na nadhani wepesi wa moyo ndio ulionipa ujasiri.

"Mama, utaenda kukaa Awendo?"

"Nikafanye nini?"

"Sijui. Kama mtu na mtu wake."

Alinirushia punje. "Nikamsongee ugali? Ana mikono. Mimi nikihama hapa, mistari yako ya mahindi itafika Tanzania."

Lakini mzee alipovuna mahindi yake ya kwanza alimwalika aje aone, na mama akaenda. Mume wangu mwenyewe alimtumia nauli kutoka Kisumu na kumwambia asirudi siku hiyo hiyo, barabara inachosha. Alikaa kule siku kadhaa. Jioni, nikiwa jikoni, sikusikia sauti yoyote sebuleni, na nilijikuta nimetoka nje kuwahesabu kuku bila sababu.

Aliporudi alikuwa na mfuko wa sukari guru na vipande vya miwa ya watoto. Alikunywa maji, akavua viatu, akaanza kunieleza kabla sijauliza. Mahindi ya mzee ni madogo lakini yamejaa. Binti yake alikuja kutoka Nairobi, ni mtu mzuri, ila hajui kuchambua mboga. Wanawake wa pale walimkaribisha, wakampa kiti, mmoja wao mkorofi kidogo. Na jikoni paa linavuja juu kabisa ya mahali pa kuweka unga.

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia mara ngapi! Anasema atatengeneza. Nimemwambia nikija tena nikute limetengenezwa, la sivyo nitapanda mwenyewe juu." Akanyoosha miguu, akavisugua vidole vyake. "Mume wako ni fundi. Atakuja lini, mwisho wa mwezi?"

Nikamwambia mwisho wa mwezi.

"Mwambie aje na misumari ya mabati."